Ndege Iliruka Saa Moja na Dakika Kumi

Inspekta Elsie Naswa aliweka rula juu ya ramani kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, kana kwamba kilomita zingeona haya na kujirekebisha. Hazikujirekebisha. Kutoka kiwanja cha Lwanda Rae, kule ufukweni chini ya Pap Onditi, hadi kiwanja cha Namwacha upande wa Bungoma, ni kilomita mia moja na nne kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya injini moja huenda kilomita mia mbili na arobaini kwa saa. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita: dakika ishirini na sita. Ongeza za kupaa, ongeza za kuzunguka kabla ya kutua, unapata nusu saa.

Kapteni Byron Okello alisema alitumia dakika hamsini.

"Alisema kulikuwa na mvua, Madam," Konstebo Frankline alimkumbusha kutoka meza ya pili. "Milima ya Maragoli ilikuwa imefunikwa. Akazunguka kwa upande wa Busia."

"Kisumu hapa kulikuwa na mvua Jumatatu asubuhi?"

"Hapana. Lakini anasema mvua ya milimani haipimwi Kisumu."

Jibu hilo lilikuwa zuri mno, na Elsie hakupenda majibu mazuri mno. Alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Saa nane na nusu mchana, Mzee Mathews Ouma, mlinzi wa kiwanja cha Lwanda Rae, angesimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kumuua fundi wa ndege aitwaye Ooko. Mzee wa miaka sitini na nne. Akishasomewa, angepelekwa rumande, na kesi za mauaji haziendi mbio. Elsie aliwahi kuona mtu akikaa rumande miaka mitano kisha akaambiwa samahani.

Ushahidi dhidi ya mzee ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, koti lake lilikuwa na damu ya Ooko. Mwenyewe alisema alimkuta fundi amelala bandani, akamwinua kichwa akidhani ameanguka. Pili, na hili ndilo lililomfunga, kulikuwa na taarifa ya Mama Seline, muuza samaki ambaye kila asubuhi husubiri mitumbwi kando ya kiwanja. Frankline ndiye aliyeiandika, kwa mwandiko wake wa kupendeza na Kiswahili chake cha Likoni, kule pwani alikozaliwa:

*Ndege iliruka saa moja na dakika kumi. Baada ya ndege kuruka, nilimwona fundi Ooko akirudi bandani kwa miguu, akiwa mzima. Kisha nikaondoka.*

Ndege ilikuwa imeondoka na rubani wake, na fundi alikuwa mzima. Pale kiwanjani alibaki mtu mmoja tu, na huyo ni Ouma. Mnara wa kuongozea ndege wa Kisumu nao ulikuwa umeandika kwamba Kapteni Byron aliita kwa redio saa moja na dakika tano kusema amesharuka. Tofauti ya dakika tano haikumsumbua mtu yeyote. Mama Seline hana saa mkononi, alikadiria kwa habari za redio.

Simu ya Elsie ikalia. Alikuwa Nabututu, karani wa kiwanja cha Namwacha, ambaye Elsie alikuwa amemtafuta tangu jana.

"Inspekta, pole, mtandao huku ni shida. Unataka ile picha ya mita?"

"Picha gani ya mita?"

"Ya injini. Mimi kila saa ndege ikitua napiga picha ya ile mita ya masaa. Ni sheria ya kampuni, kabla waweke petroli. Hiyo ya Jumatatu niko nayo."

"Alitua saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro dakika tano. Nimeandika kwa kitabu, na watu wa chanjo walikuwa hapa wakisubiri boksi zao. Halafu Byron aliitisha oili. Aliweka lita mbili. Nikamwambia, Kapteni, hii ndege yako inakunywa kama harusi. Hakucheka."

"Kwa kawaida hucheka?"

"Byron? Byron hucheka hata kwa matanga."

Picha ilifika. Mita ilisoma 3413.2. Elsie akafungua mfuko wa vielelezo na kutoa daftari la Ooko, lenye alama za vidole vya grisi, akaenda ukurasa wa mwisho. Fundi alikuwa ameandika kabla ya injini kuwashwa siku ile: 3412.6.

Alipiga hesabu upya, maana hakujiamini. Mita hiyo hutembea injini ikiwa inanguruma, na injini ikizimwa nayo husimama. Tofauti ilikuwa sehemu sita za kumi za saa. Dakika thelathini na sita tangu injini ilipowashwa Lwanda Rae hadi ilipozimwa Namwacha.

"Frankline. Mtu anaweza kuruka dakika hamsini kwa injini iliyofanya kazi dakika thelathini na sita?"

Konstebo aliweka kalamu chini. "Labda kwa maombi, Madam."

Mkuu wao wa kituo, walipompelekea picha ofisini kwake, hakuona cha kuchekesha. Aliitazama picha kwa nusu dakika, akairudisha. "Mita ni kifaa, Naswa. Kifaa huharibika. Wewe uko na shahidi aliyeona ndege ikiruka, uko na mnara uliosikia ndege ikiruka, halafu uniletee mita? Wakili wa serikali atanicheka. Niletee mtu aliyeona kitu kingine. Saa nane na nusu mzee anasomewa."

Kabla ya kuondoka, Elsie alipitia selo. Mzee Ouma alikuwa ameketi sakafuni bila koti, mikono juu ya magoti. Alisimama alipomwona, jambo lililomuumiza Elsie kuliko kama angetukanwa.

"Mzee, niambie tena ulichosikia."

"Madam, nimesema mpaka nimechoka. Mimi nilikuwa kwa geti, nyuma ya banda. Kutoka pale hauoni barabara ya ndege. Nilisikia injini inalia. Ikanyamaza. Nikakaa. Halafu ikalia tena, ikaenda. Nikaona sasa niende niitie Ooko chai. Nikapata amelala."

"Injini mara mbili."

"Mara mbili. Huyu kijana wako akaniambia basi ilikuwa ndege mbili. Mimi sikusema ndege mbili. Nilisema injini ililia mara mbili."

Hiyo ndege ya pili iliwapotezea siku mbili nzima. Walipiga simu kila kiwanja kuanzia Migori hadi Kitale wakiitafuta, na ilipokosekana wakaamua mzee ni mwongo. Elsie mwenyewe aliweka sahihi chini ya maneno hayo. Aliona aibu, na aibu hiyo akaibeba ndani ya gari mpaka Pap Onditi.

*

Saa nne na nusu walikuwa Lwanda Rae. Kiwanja chenyewe si kitu cha kuringia: ukanda wa udongo wa murram, soksi ya upepo iliyochanika, banda la mabati, na ziwa upande mmoja. Hatua mia mbili kutoka mwisho wa njia ya kurukia, wanawake walikuwa wamekaa na mabeseni wakisafisha samaki. Mama Seline alimwona Frankline akakunja uso.

"Huyu amerudi? Kijana, si tulimaliza?"

"Nimerudi na mkubwa wangu, Mama."

"Karibuni basi. Lakini mkono wangu iko na magamba, siwezi kuwasalimia."

Elsie alichuchumaa mbele yake. Hakutoa ile karatasi. Alitaka kusikia kwa masikio yake, jambo ambalo angelifanya Jumatatu kama asingekuwa mvivu wa barabara ya vumbi.

"Mama Seline, nieleze ya Jumatatu. Kama vile hujawahi kumweleza mtu."

"Haya. Nilikuwa hapa hapa. Redio ya huyu dada ilimaliza habari ya saa moja, wakaanza ile ya kutangaza matanga. Ooko akatoka kwa banda, akaenda katikati ya barabara ya ndege. Akapiga makofi, akapiga kelele. Ndege ikaruka. Ooko akarudi kwa banda na miguu. Mimi nikaona boda, nikaenda."

"Kelele ya nini?"

"Si ni ya kufukuza?"

Elsie alisogea karibu zaidi. "Ndege ikaruka. Ikaenda wapi?"

"Haikuenda mbali. Ilikaa pale." Mama Seline alielekeza kisu ziwani, kwenye magugu. "Kwa maji."

Frankline aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Ndege ilikaa kwenye maji?"

"Eeh. Si inakula samaki? Itakaa wapi, kwa nyumba yako?"

Wanawake wengine wakacheka. Elsie hakucheka. Alijikuta ameshika ukingo wa beseni.

"Mama, hiyo ndege iko na miguu?"

"Mrefu! Na shingo. Ilikuwa kubwa mbili hivi, na ndogo ndogo. Hizo hukaa kwa hiyo barabara asubuhi, kwa sababu mchanga iko na joto. Madam, wewe si Mjaluo?"

"Mimi ni wa Bungoma."

"Basi sikia. Hiyo ya kula samaki sisi tunaita *winyo*. Hii ya Byron, ya chuma, tunaita ndege. Lakini huyu kijana aliniambia niongee Kiswahili. Kwa Kiswahili *winyo* si ndege?"

"Ni ndege," Elsie alisema polepole.

"Na hii ya Byron?"

"Nayo ni ndege."

"Basi makosa yangu iko wapi?"

Frankline alikuwa amesimama wima.

"Madam," alisema, "alisema *iliruka*. Nakumbuka. Sisi kule nyumbani, ndege mwenye mabawa ni *aliruka*. *Iliruka* ni ya chuma. Kwetu hata mtoto mdogo hawezi kukosea hapo. Sikuona haja ya kumuuliza."

"Hapa si kwenu," Elsie alimwambia. Hakusema kwa ukali. Naye alikulia Bungoma, ambako ng'ombe na kiti husemwa kwa kinywa kimoja, vyote ni *hii*. Angemsikia Mama Seline Jumatatu, angeshtuka. Alichofanya ni kusoma karatasi iliyonyooka na kuiamini kwa sababu imenyooka.

Alimgeukia tena mama. "Wakati Ooko anafukuza hao *winyo*, ndege ya Byron ilikuwa wapi?"

"Imesimama mbele ya banda. Ilikuwa imelia kidogo, ikanyamaza."

"Byron?"

"Alikuwa amesimama karibu na hiyo ndege yake. Alikuwa anachapa saa yake na kidole, hivi."

"Na ulimwona akiondoka?"

"Sikuona. Niliskia. Nilikuwa nimefika Pap Onditi, napigia kastoma wangu wa Dunga simu, nataka kujua kama atachukua mbuta. Ndege ikapita juu ya soko, sikusikia hata neno. Nikamwambia ngoja, ngoja, Byron apite kwanza."

"Simu uko nayo?"

Mama Seline alijipangusa vidole kwenye leso, akaichomoa simu kutoka kifuani na kumpa. Elsie alirudi nyuma kwenye orodha, siku baada ya siku, hadi Jumatatu. Simu ya Dunga ilipigwa saa moja na dakika ishirini na nne.

Kutoka hapo hadi saa mbili kasoro dakika tano ni dakika thelathini na moja. Kilomita mia moja na nne. Hakukuwa na mvua, hakukuwa na Busia. Ndege ilikwenda moja kwa moja kama inavyokwenda siku zote, na mita ya injini haikuwa mbovu.

"Kwa nini hukutuambia haya ya simu, Mama?"

"Hamkuniuliza. Kijana aliuliza Ooko alikuwa mzima saa ngapi, nikajibu." Aliweka kisu chini. Sauti yake ilishuka. "Kwani ni nani mmeshika?"

"Mzee Ouma."

"Ouma wa geti?" Alimtazama Elsie. "Kwa maneno yangu?"

Elsie alitamani kumwambia hapana. "Kwa maneno yetu," alisema, akasimama. "Mama, osha mikono. Utakuja na sisi Kisumu."

*

Saa saba na dakika ishirini Kapteni Byron Okello aliingia ofisini, miwani ya jua juu ya paji la uso, shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa ameitwa kuweka sahihi kwenye taarifa yake tu, ndivyo alivyoambiwa. Mama Seline alikuwa chumba cha pili. Frankline aliketi kando na daftari lake, na safari hii alikuwa akiandika kila neno kama lilivyotamkwa.

"Nitakuchelewesha kidogo, Kapteni," Elsie alisema. "Mimi si mtu wa ndege. Nataka kuelewa mambo madogo madogo. Pale Lwanda Rae, ndege wa angani hawawasumbui?"

Byron alitabasamu. "Wale korongo? Kila siku, Inspekta. Ukigonga mmoja kwa propela, umekwisha. Lazima mtu awafukuze kwanza."

"Nani huwafukuza?"

"Ooko, maskini. Ilikuwa kazi yake."

"Hata Jumatatu?"

"Hata Jumatatu. Aliwafukuza, nikaruka. Mara ya mwisho kumwona, alikuwa ananipungia mkono."

"Kwa hiyo aliwafukuza kwanza, halafu ukaruka."

"Bila shaka. Hakuna mtu hufukuza ndege baada ya kuruka."

"Ndivyo nilivyofikiri." Elsie aligeuza karatasi ya mnara ili aisome. "Saa moja na dakika tano uliwaambia Kisumu umesharuka. Lakini Ooko aliwafukuza korongo habari za saa moja zikiwa zimekwisha. Saa moja na dakika kumi. Sasa nieleze, Kapteni. Alikuwa anamsafishia nani njia?"

Tabasamu lilibaki mahali pake sekunde mbili zaidi ya ilivyopaswa.

"Hiyo ya redio," Byron alisema, "ni mazoea. Sisi wote tunafanya. Unaita mapema kidogo, ndiyo usiwekwe kungoja ile ndege kubwa ya Nairobi. Dakika mbili, tatu."

"Dakika kumi na tisa." Aliweka simu ya Mama Seline mezani. "Saa moja na dakika ishirini na nne ulipita juu ya soko la Pap Onditi." Akaweka picha ya Nabututu. "Injini yako ilifanya kazi dakika thelathini na sita kwa jumla. Uliiwasha, ukaizima, ukaiwasha tena. Mzee Ouma alisema hivyo siku ya kwanza." Mwisho akaweka daftari la fundi. "Na kitabu cha ukaguzi wa ndege cha Jumatatu hakina sahihi ya Ooko. Tuliona hilo, tukadhani hakupata nafasi ya kuiweka. Kumbe alikataa. Oili ilikuwa inavuja, Kapteni? Lita mbili ni nyingi kwa nusu saa."

Byron aliivua miwani kwenye paji la uso na kuikunja. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa umri wake.

"Nilikuwa na boksi kumi na nne za chanjo," alisema. "Barafu inayeyuka. Yeye anarudi kutoka kufukuza ndege, anaona matone chini ya injini, ananiambia hii hairuki leo. Nikamwambia ni nusu saa tu, Ooko. Nusu saa! Akachukua kitabu, akaingia nacho bandani. Nilimsukuma tu, Inspekta. Aliteleza."

"Daktari alihesabu mapigo mawili," Elsie alisema. "Nyuma ya kichwa. Mtu hatelezi mara mbili."

Byron aliomba wakili. Elsie alitazama saa: saa nane na dakika tano.

*

Kutoka ofisini hadi mahakamani si mbali, lakini Elsie alikwenda karibu kukimbia, Frankline nyuma yake akiwa na jalada kifuani. Wakili wa serikali aliwasikiliza kwenye ukumbi, akasoma, akasoma tena lile neno moja, akatikisa kichwa. Kabla jina lake halijaitwa, Mzee Ouma aliambiwa hatapanda kizimbani. Alikuwa kwenye benchi la mbao karibu na ngazi, pingu zikifunguliwa. Hakuonekana kuelewa mara moja.

"Mzee," Elsie alisema, "tumekosa. Mimi nimekosa. Nakuomba msamaha."

"Injini ililia mara mbili," mzee alisema.

"Ililia mara mbili."

Frankline alikuwa amesogea, taarifa ya Mama Seline mkononi. Mama mwenyewe alikuwa ameweka dole gumba kwenye ile mpya, na kwenye ile ya zamani konstebo alikuwa amepiga mstari chini ya *iliruka*. Alimwonyesha mzee mahali penyewe, akaeleza taratibu kuhusu korongo, kuhusu *winyo*, kuhusu jinsi kwao Likoni wanavyosema. Machozi yalikuwa karibu na hakuyaficha.

Mzee Ouma alisikiliza hadi mwisho akijisugua vifundo vya mikono. Kisha akamwekea konstebo kiganja begani, kwa upole, kama baba kwa mwana.

"Kijana," alisema, "Kiswahili yako ni safi sana. Siku tatu nimelala kwa simiti sababu ya hiyo usafi."

Akauliza koti lake liko wapi. Elsie akamwambia lina damu, litabaki kuwa kielelezo hadi kesi iishe. Mzee akaitikia kwa kichwa, akatoka nje kwenye jua la saa nane akiwa na shati tu.